Picha za modo zinasifiwa, oda haziongezeki. Tatizo liko wapi?

NguoNyepesi (mwanzisha uzi)
Wakuu habari. Nina duka dogo la nguo za kike mtandaoni. Nguo nashonesha kidogo kidogo kwa fundi mmoja, mzigo haujai hata kabati. Kwa muda mrefu nguo nilikuwa naitundika ukutani, napiga kwa simu, naweka. Safari hii nikapanda daraja: nikatafuta mpiga picha, nikatafuta modo, tukapiga magauni na suruali zote mpya. Picha zimetoka nzuri kwelikweli. Watu wanazipenda, wanazisambaza, wanauliza modo ni nani.

Ila oda ziko palepale. Inboksi nako maswali ni yaleyale: "dada, gauni linafika wapi?", "linaonyesha ndani?", "nyuma kukoje?" Kuna gauni moja la kijani nimeweka picha zote mbili, ya modo na ya ukutani. Anayetaka kununua, nikimwangalia alichoambatanisha kwenye ujumbe, ni ile ya ukutani.

Nataka kupiga mzigo unaofuata. Kabla sijaita watu naomba msaada: kwa nini picha nzuri ya modo isiuze? Na ninyi mkipanga siku ya picha mnaanzia wapi?

Mgeni_Humu
Nimekaa pale. Wajuzi waje.

MamaVifungo
Dada, jibu umeliandika mwenyewe. Mteja anauliza linafika wapi, linaonyesha au halionyeshi, nyuma kukoje. Picha za modo hazikumjibu. Ya ukutani inamjibu angalau moja, anaona umbo zima la gauni kuanzia bega hadi pindo.

Mimi siku ya picha naianzia inboksi. Nanakili maswali ya wateja kama walivyoyaandika, kisha kila swali nalitafutia picha yake. "Linafika wapi" ni picha ya mwili mzima, nyayo zinaonekana, sakafu inaonekana, viatu vya kisigino kifupi. "Linaonyesha?" naingiza mkono ndani ya kitambaa kikiwa kimeelekea dirishani, vidole vionekane au visionekane, mteja aamue. "Nyuma kukoje" ni nyuma kweli, nywele zimeshikwa juu, zipu inaonekana mpaka inapoishia. Mfuko: modo atie mkono, tuone unameza kiganja chote au vidole tu. Orodha hiyo naiandika kwenye karatasi na kumkabidhi mpiga picha. Akishaimaliza apige mapozi yake, simkatazi.

Sindano7
Orodha naikubali, lakini sidhani kama ndiyo sababu. NguoNyepesi, modo wako ana urefu gani, alivaa saizi gani, na wateja wako wanachukua saizi gani?

NguoNyepesi
Ana sm 178, alivaa S. Wateja wangu wengi ni L na XL.

Sindano7
Basi hapo ndipo. Gauni linaloishia gotini kwa mtu wa sm 178, mtu wa sm 158 likimfikia linashuka chini ya goti. Mteja wako analijua hilo mwilini mwake, ameshaumizwa na nguo za mtandaoni, kwa hiyo anauliza. Na akiuliza mara moja bila kuridhika, anaondoka.

La pili: S ilimkaa vizuri au mlishika nguo kwa vibanio mgongoni? Nimeshonea watu wa maduka, naujua mchezo huo. Mbele kiuno kimechongoka, nyuma kuna safu ya vibanio vya nguo. Kiuno kile hakipo kwenye nguo. Mteja akivaa haoni alichokiona pichani, anarudisha, na anawaambia wenzake.

Ushauri wangu: modo wawili, saizi mbili tofauti, gauni lilelile, mkao uleule. Na chini ya kila picha uandike wazi: "Urefu wake sm 164, amevaa L." Mstari huo mmoja unapunguza maswali kuliko picha nyingine mpya.

MamaVifungo
Sindano7 kula tano kwa mstari wa saizi. Ila vibanio usivikataze moja kwa moja. Nguo ya sampuli mara nyingine ni kubwa na hakuna nyingine.

Sindano7
Basi imshonewe modo sampuli ya saizi yake. Ana fundi, anashonesha kidogo kidogo, nguo moja ya ziada haimshindi. Vipimo vya modo viombwe wiki mbili kabla: kifua, kiuno, nyonga, urefu. Vipimo vya sasa, wala visiwe vya picha zake za zamani.

Lenzi50
Mnatafuta mbali. Lenzi ndiyo tatizo. Kamera kuu ya simu nyingi ina lenzi ya mm 24 hadi 26 ukilinganisha na kamera kubwa (namba ikiwa ndogo, lenzi inaona eneo pana), na lenzi pana inapinda mwili. Kichwa kinakuwa kikubwa, miguu inafupika, pindo linakuwa jembamba. Mteja haamini urefu anaouona. Tumia mm 50 au mm 85, mambo yatakaa sawa.

FundiTaa
Lenzi50, nusu ya hayo ni kweli. Uwiano wa kichwa na miguu unaletwa na umbali kati ya kamera na mtu, lenzi haihusiki moja kwa moja. Lenzi pana inakulazimisha usogee ili mtu ajae kwenye fremu, na kule kusogea ndiko kunakoharibu. Simama mita 4 kwa lenzi pana kisha ukate picha, au simama mita 4 kwa mm 85: uwiano wa mwili utakuwa uleule. Tofauti itabaki kwenye ukali wa picha tu.

Kwa nguo ndefu: rudi nyuma mita 3 au zaidi, tumia lenzi ya mara 2 ya simu kama ipo, na shusha kamera ifike usawa wa kiuno cha modo. Wapiga picha wengi wanapiga kutoka usawa wa macho yao wenyewe, wakiwa wamesimama. Kutoka juu hivyo gauni linanywea kuelekea chini.

Lenzi50
Nimekuelewa mkuu, kweli umbali. Ila kwa mtu aliye ndani ya chumba kidogo asiyeweza kurudi nyuma, lenzi bado inamhusu.

MamaVifungo
FundiTaa leo umeandika ujumbe mzima bila kutaja taa. Unaumwa?

FundiTaa
Taa zinakuja, Mama. Nilikuwa nawapisha.

NguoNyepesi, angalia picha za gauni refu. Mabega yameng'aa na pindo limezama kwenye giza? Mwanga unapungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Taa ikiwa mita 1 kutoka begani na pindo likiwa mita 2 kutoka kwenye taa hiyohiyo, pindo linapata robo tu ya mwanga wa begani. Mpiga picha wa nyuso hajali, yeye kazi yake inaishia kifuani. Muuza nguo anaumia, maana pindo ni nusu ya bidhaa. Sogeza taa mbali, mita 3 na kuendelea, tofauti ya juu na chini inapungua yenyewe. Dirisha nalo ni vilevile: modo asimame mbali kidogo nalo, na upande wa pili weka ubao mweupe mrefu unaofika sakafuni.

Na asogezwe mbali na ukuta. Mita 1.5 au 2. Akiuegemea ukuta kivuli kinajichora nyuma yake na umbo la gauni linapotea.

NguoNyepesi
Nimeenda kuangalia. Pindo limezama kweli kwenye magauni mawili. Na nyuma hatukupiga hata moja. Kuhusu rangi mnasemaje? Mteja mmoja alisema gauni la kijani limemfikia likiwa la kibluu kidogo kuliko pichani. Ya ukutani alisema ndiyo yenyewe.

Kijivu18
Hapa nitaongea mimi, kazi yangu ni kuhariri picha za bidhaa.

Mlipiga ndani, dirisha wazi na taa za dari zimewashwa, sivyo? Mwanga wa mchana uko karibu na kelvini 5500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Balbu ya njano ya nyumbani iko karibu na 2700 hadi 3000. Ukivichanganya, upande mmoja wa gauni unakuwa na rangi moja na upande mwingine nyingine, na hakuna mhariri atakayerekebisha vyote viwili kwa mkupuo mmoja. Zima taa za dari. Chagua chanzo kimoja cha mwanga na ushikamane nacho siku nzima.

Kisha kadi ya kijivu, ile inayorudisha asilimia 18 ya mwanga. Kila mwanga ukibadilika modo aishike mbele ya nguo, piga moja, endelea. Nyumbani nabofya kadi hiyo kwenye programu ya kuhariri na rangi za fremu zote za mwanga ule zinakaa sawa. Usiiachie kamera ijichagulie mizani ya weupe (yaani iamue yenyewe nyeupe ni ipi), maana ikiona kijani kingi inajaribu kukirekebisha, na kesho yake gauni hilohilo kwenye mandhari nyingine linatoka rangi nyingine.

La mwisho, mwambie mhariri asikuwekee vichujio vya mtindo. Vile vinavyofanya ngozi iwe ya dhahabu vinavuta kijani kuelekea njano. Nakisia ndicho kilichompata gauni lako.

NguoNyepesi
Kichujio kipo. Ndicho kilichonivutia kwa mpiga picha yule, picha zake zote zina joto fulani.

Kijivu18
Basi picha za joto ziwe za kutangaza duka, za rangi halisi ziwe za ukurasa wa bidhaa. Faili za dukani zihifadhiwe kwa sRGB, mfumo wa rangi wa kawaida wa mtandaoni. Nimepokea picha za wapiga picha zikiwa Adobe RGB, mfumo mwingine wa rangi, zikipanda mtandaoni bila maelezo ya rangi zinapauka, kila mtu analaumu kamera.

Pamba_Tupu
Wakuu naomba niingilie. Nina koti jeusi na suruali nyeusi, kwa macho ni weusi mmoja. Pichani koti linatoka kahawia. Nimebadilisha kamera, hali ni hiyohiyo.

Kijivu18
Koti ni la nyuzi za viwandani? Baadhi ya rangi za kutia kwenye nyuzi hizo zinarudisha sana mwanga wa infraredi, ambao jicho halioni. Kamera ina kichujio cha kuuzuia lakini kidogo kinapenya, na weusi unageuka kahawia au zambarau. Balbu za waya wa moto zinatoa infraredi nyingi. Piga kwa taa za LED nzuri, zenye kipimo cha CRI (uwezo wa taa kuonyesha rangi halisi) cha 95 na kuendelea. LED hazitoi infraredi kiasi hicho. Ikibaki, rekebisha koti peke yake kwenye uhariri.

Lenzi50
Mimi nasema nguo zote zipigwe kwenye dirisha linaloelekea kaskazini, mwanga wake ni laini na haubadiliki siku nzima. Wachoraji wanajua hilo tangu zamani.

FundiTaa
Wachoraji hao walikuwa kaskazini mwa dunia, jua kwao linapita upande wa kusini. Aliye kusini sana mwa Ikweta dirisha lake ni la kusini. Aliye karibu na Ikweta jua linamhama: miezi fulani linapita kaskazini kwake, miezi mingine kusini. Angalia jua linapita wapi mwezi huo, ndipo upange chumba. Ukishindwa, funika dirisha na kitambaa cheupe chepesi.

Lenzi50
Leo FundiTaa umeamua nisilale. Sawa, nimepokea.

BintiModo
Habari zenu. Nimesoma toka juu. Mimi ndiye yule anayevalishwa. Mmepanga taa, lenzi, kadi, na modo mmemtaja kama mdoli wa dukani. Naomba mniruhusu nipange siku yenyewe, kwa sababu nusu ya picha zinaharibika kabla kamera haijafunguliwa.

Siku tatu kabla, nitumie picha za nguo zote pamoja na orodha ya MamaVifungo. Niambie nije na nguo gani za ndani. Za rangi ya ngozi yangu, zisizo na mshono, la sivyo gauni jeupe litaonyesha kila kitu. Niambie nije na viatu gani na kucha za rangi gani, maana kwenye picha ya mfuko mteja anaona mkono wangu kwa karibu kuliko uso. Asubuhi hiyo nije na nguo iliyolegea. Soksi na suruali ya kubana zinaacha alama kwenye ngozi, na alama hizo huchukua muda kutoka.

Nguo zipigwe pasi ya mvuke siku hiyohiyo, zitundikwe kwenye fremu ya kutundikia nguo kwa mpangilio wa kuvaliwa, kila moja na karatasi yake: nambari, viatu, nywele, picha zinazotakiwa. Mpangilio ufuate nywele na vipodozi, usifuate ukurasa wa duka. Anza na uso mwepesi na nywele zilizonyooka, malizia na lipstiki nyekundu na nywele zilizofungwa. Kurudi nyuma ni kunawa na kuanza upya. Nguo inayopitia kichwani nivalishwe nikiwa nimefunika uso kwa skafu nyepesi, ili vipodozi visishike kola. Nimeona blauzi nyeupe ikiharibika asubuhi, na ilikuwa moja tu.

Hesabu muda. Nguo moja, pamoja na kubadili, kunyoosha na kukagua, inakula dakika 15 hadi 20 ikiwa kila kitu kimepangwa. Nguo 12 ni saa 3 hadi 4 za kusimama, bado mapumziko. Mtu anayeniambia tutapiga nguo 30 kabla ya saa nane mchana, najua za mwisho zitatoka na uso uliochoka.

Na mahali pa kubadilishia nguo pawe na mlango unaofungwa. Hilo liandikwe kwenye mpango kama taa zinavyoandikwa.

MamaVifungo
BintiModo umenifunza hapo kwenye kupanga kwa nywele. Sisi tulikuwa tunapanga kwa rangi ya nguo.

Sindano7
Skafu nayo. Nakazia. Ongeza roli ya kunasa nyuzi na vumbi, sindano, uzi wa rangi zote, na pini. Kifungo kinachoning'inia hakionekani kwa macho, kwenye picha iliyokuzwa kinaonekana.

BintiModo
Jingine moja, kwa wapiga picha. Nina ngozi nyeusi. Nikivaa nyeupe, kamera inapunguza mwanga kuokoa gauni na uso wangu unapotea. Zamani filamu zenyewe zilipangwa hivyo: kadi za Kodak za kupimia rangi maabara zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu, zikaitwa Shirley. Sasa kuna vifaa vya kurekebisha, Google ilitoa mwaka 2022 kipimo cha rangi za ngozi kiitwacho Monk, chenye rangi 10. Lakini siku ya picha bado inamtaka mtu aangalie uso wangu kwenye skrini na kuweka rifleta (ubao wa kurudisha mwanga) mahali pake. Msiniongezee weupe kwenye uhariri kufidia.

FundiTaa
Sahihi kabisa. Pima mwanga kwa uso, kisha weka kizuizi cheusi kati ya taa na gauni kama gauni linang'aa kupita kiasi. Ukipiga kwa faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaibana wala kuihariri) unarudisha hatua moja hivi ya mwanga uliozidi. Zaidi ya hapo nyuzi za kitambaa hazirudi.

Haraka2
Wakuu mnajichosha. Siku hizi unapiga nguo kwenye mdoli, akili mnemba inakuwekea modo wa saizi yoyote, ngozi yoyote. Hakuna pasi wala skafu.

Sindano7
Na kitambaa kitaangukaje? Programu inakisia mikunjo. Viskosi, kitambaa laini, inaanguka chini kwa uzito wake, pamba nene inasimama. Mteja ananunua hicho hasa. Nimeona picha za namna hiyo zenye vifungo sita kwenye koti la vifungo vitano.

Haraka2
Programu zinaboreka kila mwezi. Levi's wenyewe, kampuni ya jinzi, walitangaza mwaka 2023 kwamba watajaribu modo wa akili mnemba.

BintiModo
Na walipolalamikiwa wakatoa ufafanuzi kwamba haichukui nafasi ya kupiga picha na watu halisi. Mwaka 2025 tangazo la kampuni ya nguo ya Guess lenye modo asiyekuwepo lilitoka kwenye jarida la Vogue la Marekani, mjadala ukawa ni modo, nguo ikasahaulika. Kwa duka dogo linalojenga jina, mteja akigundua mwili ule haupo, atauliza na gauni kama lipo.

Haraka2
Au hatajali. Duka langu naweka na mauzo yako sawa.

MamaVifungo
Unauza nini?

Haraka2
Mikoba.

MamaVifungo
Haya. Mkoba haubani nyonga.

WakiliMdogo
Tuje kwenye mkataba, sijaona aliyeutaja. NguoNyepesi, picha za kwanza una haki nazo kwa kiasi gani?

NguoNyepesi
Nililipa wote wawili, picha ni zangu. Au siyo?

Lenzi50
Umelipa ni zako. Imekwisha hiyo.

WakiliMdogo
Haijakwisha. Nchi nyingi zinampa hakimiliki aliyebonyeza kamera mpaka aihamishe kwa maandishi. Malipo peke yake mara nyingi yanakupa ruhusa ya kuzitumia, kwa matumizi mliyokubaliana. Nyingine zina kanuni tofauti kwa kazi ya kuagizwa, kwa hiyo soma ya kwako. Ridhaa ya modo kutumia sura yake ni jambo jingine kabisa, na mpiga picha hawezi kukupa kwa niaba yake.

Karatasi ya modo iseme: picha zitatumika wapi (ukurasa wa duka, matangazo ya kulipia, vifungashio), kwa muda gani, nani anaruhusiwa kuzihariri na kwa kiasi gani, malipo ni yapi na yanalipwa lini. Akiwa mtoto anasaini mzazi au mlezi, naye awepo siku hiyo. Na kama Haraka2 amekushawishi, andika wazi kama unaruhusiwa kumtengenezea nakala ya kidijitali au huruhusiwi. Jimbo la New York lina sheria iliyoanza kutumika Juni 2025 inayotaka ridhaa ya peke yake ya maandishi kwa jambo hilo. Hata usipokuwa huko, ni sentensi nzuri kuwa nayo.

Pamba_Tupu
Nilisikia Ulaya nzima ukihariri picha ya modo lazima uandike.

WakiliMdogo
Si Ulaya nzima. Ufaransa tangu Oktoba 1, 2017, picha za kibiashara ambazo umbo la mwili wa modo limekondeshwa au kunenepeshwa zinatakiwa kuandikwa kwamba zimehaririwa. Norwei ikaleta ya kwake Julai 2022. Kuondoa uzi uliochomoza kwenye pindo hakumo.

BintiModo
Kuna duka lilinilipa kwa nguo. Nikakubali, tukiwa marafiki. Miezi ikapita nikajiona kwenye tangazo la kulipia la kampuni nyingine, kumbe waliwapa picha. Hatukuandika kitu. Kulipana kwa nguo siyo vibaya, ila iandikwe kama pesa inavyoandikwa.

NguoNyepesi
Ahsanteni sana. Nimeanza kupanga. Modo wawili, mmoja wa L mwenye sm 163 na mmoja wa S. Fundi anashona sampuli kwa vipimo vyao. Nguo 11, dirisha moja, taa za dari zimezimwa. Kila nguo: mbele mwili mzima, ubavu, nyuma nywele juu, karibu na kitambaa, mkono mfukoni, na moja akitembea. Mapozi baada ya hapo. Karatasi za ridhaa nimeandika, WakiliMdogo nitakutumia uzipitie.

Lenzi50
Mwambie mpiga picha aache nafasi pembeni na juu. Utahitaji picha ya uwiano wa 4 kwa 5 ya ukurasani na ya 9 kwa 16 ya kusimama, ukikata fremu iliyobana unapoteza viatu. Na siku moja ukitaka kuuza Amazon, picha kuu kule inatakiwa mandhari nyeupe kabisa na bidhaa ijaze asilimia 85 ya fremu. Piga angalau moja ya kila nguo kwenye weupe safi.

Kijivu18
Nguo za mistari myembamba au miraba midogo zikaguliwe palepale, picha ikiwa imekuzwa kwa asilimia 100. Zikitoa mawimbi ya rangi, sogea hatua moja mbele au nyuma. Mawimbi hayo ukiyakuta nyumbani ni kazi ngumu kuyatoa. Na faili zinakiliwe mahali pawili kabla modo hajaondoka.

MamaVifungo
Mpango mzuri. Na mimi bado nasema ilikuwa orodha.

Sindano7
Na mimi bado nasema ni mwili. Ungempiga modo wa kwanza picha zote za orodha, mteja wa XL bado asingejiona.

Kijivu18
Na gauni la kijani lilikuwa rangi. Mteja mwenyewe kasema.

Tulivu_K
Samahani, nimesoma kimyakimya. Kuna jambo hakuna aliyeligusa. Inawezekana picha ya ukutani inauza kwa sababu ni mbaya. Mteja akiona kitu kimepigwa kwa simu ukutani anajua nguo ipo, iko mkononi mwa mtu, atajibiwa. Picha safi sana anaihisi kama imechukuliwa kwenye tovuti ya watu. Mimi mwenyewe nikinunua namwomba muuzaji anitumie picha ya simu.

FundiTaa
Hili la Tulivu_K nalifikiria. Basi picha ya simu iwekwe kama ya mwisho kwenye kila nguo, baada ya za modo. Mwanga uwe mzuri lakini.

MamaVifungo
Tulijua utamalizia hapo.

NguoNyepesi
Sasa nitajuaje ni ipi? Nikibadilisha yote kwa pamoja na oda zikapanda, nitakuwa sijui kilichozipandisha.

Kijivu18
Gawanya. Magauni matano yapate picha za modo wa L, matano ya S, mwanga na orodha viwe vilevile. Linganisha.

Sindano7
Magauni yenyewe ni tofauti. Moja likiuza kwa sababu ni zuri tu, utampa sifa modo. Gauni lilelile liwe na picha za wote wawili, ubadilishe inayotangulia: wiki hii L, wiki ijayo S.

Tulivu_K
Kwa duka dogo oda za wiki moja ni chache mno kukuambia kitu. Wateja wawili wakiamua kununua Jumatatu badala ya Jumapili, hesabu yako imepinduka. Hesabu maswali ya inboksi. Yako mengi kuliko oda. "Linafika wapi" likipungua, urefu umeeleweka.

Haraka2
Maswali yakipungua inaweza kuwa wameacha kupendezwa.

Tulivu_K
Kweli. Basi ahesabu wanaouliza kisha wananunua, na wanaonunua bila kuuliza.

NguoNyepesi
Nitaandika vyote viwili kwenye daftari kuanzia leo, kabla picha mpya hazijapanda, ili niwe na pa kulinganishia.

Mgeni_Humu
Wakuu, viatu je? Navyo vinahitaji modo, au mguu tu unatosha?

BintiModo
Mguu tu, lakini wa mtu anayevaa saizi hiyo kweli. Na ngozi ya kisigino ipakwe mafuta kabla, viatu vya wazi havisamehi.

Sindano7
Na nyayo ya kiatu, upande wa chini. Kila mnunuzi wa viatu ninayemjua anakigeuza kwanza.